Fundi bomba wa nyumba akipewa jahazi: jibu kwa kijana wa Lamu

Swali: Assalaam alaykum, fundi. Mimi ni kijana wa Langoni, Lamu. Tangu nimalize shule nafanya kazi ya bomba kwenye nyumba za wageni, mjini na Shela. Paipu za plastiki za PPR na PVC, tangi la juu ya dari, choo cha kuvuta, vyote navijua. Sasa mjomba wangu amenunua jahazi la zamani la mizigo na anataka kuligeuza liwe la kulaza wageni: vyoo viwili, bafu moja na sinki la jikoni. Ananiambia, "Bomba ni bomba, fanya wewe." Je, ujuzi wangu watosha? Na kama hautoshi nikajifunze wapi, maana hapa Lamu sijaona darasa la kazi hii?

Jibu: Waalaykum salaam warahmatullah, mwanangu.

Mjomba wako amepata nusu. Kutoka kwenye tangi mpaka kwenye bomba la sinki, maji ya jahazini hayatofautiani sana na maji ya nyumba ya Shela. Yanataka tangi safi, pampu, paipu isiyovuja na mteremko wa kutosha kwa maji machafu. Nusu ya pili ndiyo hajaiona. Nyumba ikivuja, maji yanatoka kwenye paipu yako na kuharibu dari ya mtu. Chombo kikivuja mahali pabaya, maji yanatoka baharini, na bahari haina mita wala koki ya kufungia nje. Kwa hiyo wewe uanze kujifunza kwenye matundu. Mabomba yatafuata, na mengi yake tayari unayajua.

Tupige hesabu kwanza. Tundu la milimita 38, yaani inchi moja na nusu, ndilo la kawaida la kutolea uchafu wa choo cha boti. Likiwa sentimita 60 chini ya mstari wa maji, na hosi yake imechomoka, linaingiza takriban lita 140 kwa dakika. Hayo ni madumu saba ya lita 20, kila dakika inayopita. Sasa chukua pampu ndogo ya kutoa maji ya ngama (pale chini kabisa ndani ya chombo yanapokusanyika), iliyoandikwa 800 kwenye boksi. Hizo ni galoni za Marekani kwa saa, kama lita 3,000, na zimepimwa pampu ikiwa haipandishi maji popote na umeme umejaa. Ukiifunga kwenye jahazi, ikapandisha maji mita moja na nusu kupitia hosi yenye kona mbili tatu, inapungua sana. Lakini hata tukiiamini namba ya kwenye boksi kama ilivyo, ni lita 50 dhidi ya 140. Pampu ya ngama ni ya maji ya kila siku, yale ambayo mabaharia wetu wameyafua kwa ndoo tangu enzi na enzi kwa sababu chombo cha mbao hakikosi kupitisha kidogo. Haikutengenezwa kupigana na tundu lililo wazi, na yeyote anayekuambia "tutaweka pampu kubwa, usijali" hajafanya hesabu hii.

Basi swali la kwanza la kumwuliza mjomba ni hili: chini ya mstari wa maji anataka matundu mangapi? Mafundi wengi wakipewa vyoo viwili wanatoboa manne, la kuingizia na la kutolea kwa kila choo, halafu wanaongeza la bafu na la sinki. Mimi ningetoboa mawili tu. Moja la kuingiza maji ya bahari, ligawanywe kwa kiungo cha njia tatu (tii) kwenda kwenye vyoo vyote viwili, kila tawi na koki yake. La pili la kutolea, lakini vyoo visipige moja kwa moja nje. Visukume uchafu kwenda kwenye tangi la maji taka lililowekwa juu ya mstari wa maji, ubavuni, na tangi hilo literemke lenyewe kwenye tundu moja mkiwa mbali na pwani. Sinki la jikoni limo juu, litoe maji ubavuni juu ya mstari wa maji. Bafu ndilo gumu, kwa sababu sakafu yake iko chini. Maji yake yaingie kwenye kisanduku chenye pampu ndogo na chujio, yasukumwe juu yatoke karibu na tundu la sinki. Usiyaache maji ya sabuni na nywele yateremke ngamani, wiki mbili tu na wageni watakuwa wanalala juu ya shombo.

Kuhusu huo mstari wa maji, usiupime jahazi likiwa tupu. Pima likiwa na ballasti yake, yaani uzito wa kulituliza, matangi yakiwa yamejaa, na watu wengi kadiri mjomba anavyotarajia kuwabeba. Kisha kumbuka hiki ni chombo cha tanga. Likilala kwa upepo, tundu lililokuwa shibiri moja juu ya maji upande wa demani, ule linaoinamia, linazama, na sinki la jikoni linaanza kujaa lenyewe wakati mpishi yuko juu anatazama pomboo. Ndiyo maana hata matundu ya juu yanahitaji valvu na hosi iliyopandishwa kabla ya kutoka nje.

Tundu lenyewe sasa. Hapa mwalimu wako wa kwanza asiwe fundi bomba. Nenda kijijini Matondoni ukakae na maseremala wa vyombo, hata kama kazi yao ya siku hiyo ni kubadilisha mbao mbili tu. Mtu aliyejenga jahazi anajua taruma, yaani mbavu ya chombo, liko wapi, maungio ya mbao yanapita wapi, misumari imelala vipi, na ubao upi umechoka. Tundu likipita kwenye maungio hutaliziba milele, kwa sababu kila chombo kikinyumbuka kalafati, ile pamba ya kuziba maungio, inafunguka. Likikata taruma, umelivunja jahazi mbavu. Linatakiwa katikati ya ubao, kati ya taruma na taruma, na kwa ndani pawe na kipande cha mbao ngumu, mbambakofi kwa mfano, kilichochongwa kufuata mviringo wa ubavu, ili valvu ikae imara na isilegee mtu akiigonga kwa mguu. Wamarekani wana kipimo chao cha vyombo vya starehe, cha baraza liitwalo ABYC, kinachotaka valvu ya tundu ivumilie uzito wa kilo 227 ukiivuta upande kwa sekunde 30 bila kuvunjika wala kuvuja. Sikuambii ukaning'inize mifuko ya saruji. Nakuambia ufahamu kwamba waliotunga kipimo hicho walifikiria sanduku la nanga likiteleza na kuigonga valvu usiku wa mawimbi.

Kuhusu gundi, silikoni ile ya bafuni yenye harufu ya siki iache bafuni. Chini ya maji tumia silanti ya poliyurethani ya vyombo vya majini, ipakwe kwa wingi kiasi cha kutoka pande zote, kisha kaza. Na mbao iliyotobolewa usiiache wazi bila kinga. Ndani ya tundu ipakwe epoksi au ishibishwe mafuta kabla kifaa hakijaingia, maana mdudu wa mbao haombi ruhusa.

Sasa nikupeleke karibu zaidi na kitu ambacho dukani hawatakueleza. Ukiomba valvu ya inchi moja na nusu kwenye hadwea yoyote mjini utapewa boli valvu ya manjano inayong'aa, yenye mkono mwekundu. Hiyo ni brasi, mchanganyiko wa shaba na zinki. Nyumbani inadumu miaka na miaka. Baharini maji ya chumvi huiyeyusha zinki taratibu na kuiacha shaba peke yake, imejaa vitundu visivyoonekana, haina nguvu tena. Tatizo ni kwamba umbo halibadiliki. Valvu iko pale pale, nzima kwa macho, mpaka mtu aiguse kwa spana na shingo ikatike. Ukitaka kuitambua, chukua kisu uikwangue mahali padogo mpaka upate metali safi. Ikiwa manjano ya dhahabu, bado ni hai. Ikiwa ya waridi, imeshaliwa. Tazama hasa kwenye thredi, pale palipo pembamba, na chini ya nati ambapo unyevu haukauki. Kabla hujaweka kitu kipya kwenye jahazi la mjomba, kwangua kila kifaa cha zamani utakachokikuta, pamoja na kile cha kupozea injini kama ina injini ya ndani. Kazi hiyo ni ya asubuhi moja, na ndiyo somo bora utakalopata bila kulipa karo.

Kinachofaa chini ya mstari wa maji ni bronzi, ambayo ni shaba na bati badala ya zinki, au nailoni ngumu iliyotiwa nyuzi za kioo iliyotengenezwa maalumu kwa vyombo. Si ile nailoni nyeupe ya kawaida, ambayo jua linaipasua. Vyote viwili ni ghali na mara nyingi vitaagizwa. Mwambie mjomba mapema, kabla hajazimaliza pesa kwenye magodoro. Na iwe valvu ya kugeuza robo mzunguko, mkono ukilala sambamba na hosi iko wazi, ukikatiza imefungwa. Geti valvu usiitie kabisa. Huwezi kujua kwa jicho kama imefunga, na chembe moja ya mchanga ikikaa pale chini utazungusha mpaka kiganja kitoke malengelenge na maji yanaendelea.

Kuna ushauri unaozunguka kwamba kila kifaa cha shaba kiunganishwe kwa waya na kipande cha zinki cha kafara. Kwenye boti la faibaglasi lenye injini ya ndani una mantiki. Kwenye chombo cha mbao uwe mwangalifu. Zinki ikizidi, kunazalika magadi kuzunguka kifaa na ubao unalainika, unaona unga mweupe na nyuzi nyuzi mahali palipokuwa mbao ngumu. Bronzi nzuri kwenye jahazi, isiyogusana na metali nyingine ndani ya maji, mara nyingi ni bora uiache peke yake.

Thredi nazo zina fitina. Vifaa vyetu Kenya ni vya mtindo wa Kiingereza, BSP. Vifaa vya boti vikitoka Marekani huwa NPT. Kwenye nusu inchi na robo tatu vyote viwili vina meno 14 kwa inchi, kwa hiyo vinaingiliana mizunguko kadhaa na unadhani umefaulu, kumbe pembe za meno hazilingani. Kwenye inchi moja BSP ina meno 11 na NPT 11 na nusu, hapo angalau inakwama mapema na kukushtua. Thredi tepu haitengenezi ndoa hiyo. Kifaa kikikataa kuingia kwa mkono mizunguko ya kutosha, usikilazimishe kwa renchi.

Halafu klipu za hosi, kitu cha bei ndogo kinachozamisha vyombo vya bei kubwa. Mshipi umeandikwa stenlesi, na mara nyingi ni kweli. Skrubu yake je? Beba sumaku ndogo dukani. Ikinasa skrubu kwa nguvu, skrubu hiyo ni ya chuma duni na itashika kutu kabla ya kusi kwisha. Ya stenlesi namba 316 sumaku haiishiki, au inaishika kwa unyonge sana. Ukiwa chomboni usitosheke na kuitazama klipu kwa juu. Mshipi hukatika pale unapopita ndani ya nyumba ya skrubu, mahali unyevu hujificha, na kwa juu bado inang'aa. Ilegeze, itoe, ikunje kidogo kwa vidole. Nyingine zitakatikia mkononi mwako. Chini ya mstari wa maji kila ncha ya hosi ipate klipu mbili, vichwa vyake vielekee pande tofauti, na ncha ya kifaa iwe ndefu ya kutosha kuzibeba zote mbili. Ikiwa fupi, klipu ya pili itabana hewa na kuikata hosi, bora ubaki na moja iliyokaa sawa na ubadilishe kifaa baadaye. Ukimaliza, shika hosi uivute kwa nguvu zako zote. Aibu ya kuchomoka mbele yako ni ndogo.

Na kando ya kila valvu funga kwa kamba kizibo cha mti laini kilichochongwa mfano wa koni. Mti laini kwa sababu unavimba ukilowa. Vichonge mwenyewe, kimoja kwa kila tundu, kwa ukubwa wa tundu lile lile.

Jambo lililozamisha vyombo vingi vikiwa vimetulia tu kwenye nanga ni maji kujivuta yenyewe. Umemwona kijana wa bodaboda akinyonya petroli kwa mpira? Mafuta yakishamfika mdomoni haendelei kunyonya, anateremsha mpira kwenye chupa na mafuta yanakuja yenyewe maadamu chupa iko chini ya tangi. Choo cha jahazi ambacho bakuli lake liko chini ya usawa wa bahari ndicho ile chupa, na bahari ndiyo tangi. Mgeni akipampu choo, akaacha valvu wazi, hosi ikiwa imejaa maji, maji yanaendelea kuingia kimya kimya mpaka bakuli lifurike. Valvu ndogo za mpira zilizo ndani ya pampu ya choo, pamoja na ile inayoitwa mdomo wa bata kwa umbo lake, zinapunguza tu. Kitambaa kimoja au uzi wa mwani ukikaa katikati yake, hazizibi.

Dawa yake ni kitanzi chenye tundu la hewa. Hosi inapandishwa juu ya mstari wa maji, ipinde, ishuke, na kwenye kilele chake panawekwa kivalvu kidogo kinachoruhusu hewa kuingia ili mvuto ukatike. Kilele kiwe angalau sentimita 20 juu ya mstari wa maji chombo kikiwa kimelala kwa tanga upande mbaya kuliko yote, siyo kikiwa kimesimama wima bandarini. Kwa hiyo ukiweza kipeleke karibu na katikati ya chombo, si ubavuni. Na hapa ndipo hata mafundi wazoefu hukosea. Kwenye choo cha pampu ya mkono, kitanzi cha maji yanayoingia hakiwekwi kati ya valvu ya tundu na pampu. Ukikiweka hapo pampu itanyonya hewa badala ya maji na mgeni atapampu mpaka bega limuume. Kinawekwa kati ya pampu na bakuli. Kile kivalvu cha juu huziba kwa chumvi, basi kila baada ya muda kifungue ukioshe kwa maji matamu ya uvuguvugu, la sivyo una kitanzi cha mapambo tu.

Hosi ya pampu ya ngama nayo ni hivyo hivyo. Ipandishwe mpaka karibu na sitaha ndipo ishuke kutoka nje. Usitegemee valvu ya kuzuia kurudi nyuma, hukwama wazi siku usiyotaka na hukwama imefungwa siku unayohitaji pampu. Switi ya kuelea, ile inayoiwasha pampu maji yakipanda, iunganishwe moja kwa moja na betri kupitia fyuzi yake, ili nahodha akizima umeme wote na kwenda kulala Mkomani, pampu iendelee kuwa macho. Maungio ya waya yakae juu, yasiguse maji ya ngama. Na kabla ya yote hayo safisha ngama. Jahazi likitoka kwa maseremala limejaa maranda, vumbi la msumeno na nyuzi za pamba ya kalafati, na pampu ya kwanza hufa kwa kukabwa na hivyo.

Harufu nitaipitia haraka. Choo kikinuka hata kikiwa kimesafishwa, lowesha kitambaa safi maji ya moto, kizungushe kwenye hosi ya uchafu, kiache kipoe, kisha ukinuse. Kikinuka, hosi imeshapitisha na hakuna dawa zaidi ya kuibadilisha. Tumia hosi iliyotengenezwa kwa maji taka ya boti, si ile ya bustani. Tangi la maji taka nalo lipewe bomba la hewa nene na fupi, maana uchafu ukipata hewa hunuka kidogo kuliko uliofungiwa. Ndani ya hosi, mkojo na maji ya bahari hutengeneza chokaa ngumu inayopunguza njia, na siki huilainisha ikilala humo usiku. Siki na dawa ya klorini visikutane kamwe, hewa inayotoka hapo inaua mapafu.

Wapi pa kumwaga? Mkataba wa kimataifa wa MARPOL, kiambatisho chake cha nne, unahusu meli za safari za nje zenye tani 400 na kuendelea au zilizoidhinishwa kubeba watu zaidi ya 15. Uchafu usiosagwa wala kutiwa dawa humwagwa zaidi ya maili 12 za baharini kutoka pwani, na uliosagwa na kutiwa dawa zaidi ya maili 3. Jahazi la mjomba halimo humo, lakini kama vipimo vya adabu vinatosha. Ndani ya mkondo wa Lamu, mbele ya Shela watoto wanakoogelea, au kwenye hifadhi ya Kiunga iliyotengwa tangu 1979, valvu ya tangi ifungwe na ifungwe kwa waya.

Maji matamu ndiko utakakojisikia nyumbani, nitasema machache. Lita moja ni kilo moja, kwa hiyo tangi la lita 500 ni nusu tani inayotembea. Ligawe mawili, yakae chini na karibu na katikati, yawe na vizuizi ndani ili maji yasikimbie kutoka upande hadi upande. PPR unayoipenda ni ngumu mno kwa chombo kinachonyumbuka. Itumie vipande vifupi kama huna budi, lakini njia ndefu ziwe hosi imara ya maji ya kunywa, isiyopitisha mwanga ili isiote ukijani. Pampu ya volti 12 yenye switi ya presha hujizima kwenye bar 3 hivi. Ikijiwasha usiku hali hakuna aliyefungua bomba, usiichukie, inakuambia kuna mahali panadondoka. Chujio liwe kabla ya pampu, hasa kama mtachota kwenye majabia ya visiwa vya kaskazini ambako maji ya mvua huja na mchanga wake. Maji ya visima vya chini ya vilima vya mchanga vya Shela nayo huacha chokaa, basi kichwa cha bafu kiwe cha kufunguka. Kusafisha tangi, mililita 100 hadi 150 za dawa ya klorini ya kawaida kwa kila lita 100, ilale usiku, kisha suuza mpaka harufu iishe.

Kazi ya matundu utaifanya lini? Hapa Mungu ametupa bamvua, siku ambazo maji hujaa juu kuliko kawaida. Ukilipweleza jahazi kwa maji makubwa ya kawaida una saa chache tu kati ya kutoka na kurudi, na kutoboa kwa haraka ni kutoboa vibaya. Fanya hivi: lipweleze juu kabisa ya ufuo kwenye kilele cha bamvua. Siku zinazofuata kila maji kujaa yatafika chini zaidi, na litabaki pakavu mpaka bamvua ijayo, yapata wiki mbili. Silanti itapata muda wa kukauka na wewe wa kulala. Lakini angalia jedwali la maji vizuri na usichague bamvua kubwa kuliko zote za msimu, maana ijayo ikiwa ndogo hutaelea, na mjomba ameshapokea pesa za wageni. Siku ya kushusha, fungua mbao zote za sakafu, valvu zote zikiwa zimefungwa. Fungua moja moja huku umeweka karatasi kavu chini ya kila kiungo. Karatasi husema mapema kuliko kidole.

Kuhusu kujifunza, kazi hii kwetu hupatikana kwa kushika tochi pembeni ya mtu anayeijua. Nenda Malindi wakati wa kusi. Boti za kuvua samaki wakubwa hufanya kazi kaskazi, na bahari ikichafuka nyingi hupandishwa nchi kavu kwa matengenezo, hapo mkono wa ziada unatakiwa. Au nenda hori ya Kilifi ambako yoti za wageni hufunga nanga. Yoti moja iliyozunguka dunia ina mifumo yote niliyoitaja, na mwenyewe hufurahi kumwonyesha kijana anayeuliza kwa adabu. Jitolee kazi wasiyoitaka wengine, kubadilisha hosi za vyoo. Miezi miwili ya hiyo ni zaidi ya kitabu. Huku nyuma, kama hujafanya mtihani wa ufundi wa NITA, mamlaka ya taifa ya mafunzo ya viwandani, ufanye, anza gredi ya tatu. Hauhusu boti, lakini siku utakapoomba kazi kwenye hoteli yenye boti zake, cheti kitasema badala yako. Bandari Maritime Academy ya Mombasa inafaa kwa upande wa ubaharia na usalama, ukitaka kufanya kazi ukiwa safarini. Na kwa kuwa jahazi litabeba abiria wa kulipa, mjomba aongee na Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA, kabla hujatoboa, ili mkaguzi asije akataka kilichokwisha kufungwa kifunguliwe.

Kwa hiyo jahazi la mjomba ulikubali? Ningelikubali kwa mafungu. Maji matamu, sinki na bafu fanya sasa, wewe mwenyewe. Choo kimoja, si viwili, na matundu yake mawili yafanyeni pamoja na mtu aliyewahi kuyafanya, hata kama mjomba atalazimika kumlipia nauli kutoka Malindi na kumlaza kwake. Choo cha pili kitakuja msimu wa pili, ukishaona cha kwanza kinavyotumiwa na wageni. Toza kwa siku, usitoze kwa kazi. Ngamani utatumia nusu ya siku kulifikia tundu na dakika kumi kulikaza, na mjomba, kwa mapenzi yote aliyo nayo kwako, ataziona zile dakika kumi tu.

Ukishapima, niandikie urefu na upana wa chombo, mstari wa maji ulipofika kikiwa kimejaa, na usawa ambao mjomba anataka sakafu ya vyoo ikae. Nitumie na picha ya ngama ikiwa imefunuliwa. Hapo nitaweza kukuambia tangi la maji taka liwe la lita ngapi na kitanzi kipande mpaka wapi. Msalimie mjomba, na umwambie vyoo vya rangi alivyoviona kwenye simu asivinunue bado.